Wanaotaka kujiunga na "Wamormoni" waelezwe yote kabla ya ubatizo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji wanaofundishwa na wale vijana wawili wawili wenye mashati meupe na beji nyeusi kifuani, pamoja na ndugu zao wanaobaki nyumbani wakijiuliza mtoto wao anaingia wapi. Tangu hekalu la Nairobi liwekwe wakfu Mei 18, 2025, jina la Wamormoni linatajwa sana huku kwetu, na katika kutajwa huko mengi huchanganywa. Ninalotaka kusema ni moja: mtu aelezwe maisha ya kila wiki yalivyo kabla hajaingia majini. Ubatizo wenyewe hauchukui hata dakika mbili. Kinachowashinda watu ni chai ya asubuhi, bahasha ya zaka, na shemeji anayeuliza kwa nini hunywi mbege kwenye posa ya mdogo wako.

Jina kwanza. Ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoanzishwa na Joseph Smith Aprili 6, 1830 huko Fayette, jimbo la New York. Mormoni ni jina la nabii wa kale anayetajwa katika Kitabu cha Mormoni, maandiko ambayo Kanisa hili huyasoma pamoja na Biblia, na mwaka 2018 rais wa Kanisa wakati huo, Russell M. Nelson, aliomba waumini na waandishi watumie jina kamili. Nimeliweka la mtaani kwenye kichwa cha barua ili msomaji ajue tunazungumzia nini.

Yapo maswali mawili ambayo kila familia huuliza, na mengine yote huyasubiri hayo. La kwanza ni wake wengi. Kanisa lilitangaza kuacha ndoa hizo mwaka 1890, na leo muumini anayeoa mke wa pili hupoteza uanachama wake. Vikundi vinavyoendelea na desturi hiyo kule Marekani ni makanisa mengine, hayana uhusiano na hili.

La pili ni zito zaidi na halifai kuzungushwa. Tangu katikati ya karne ya 19 hadi Juni 1978 wanaume weusi wenye asili ya Afrika hawakupewa ukuhani, na weusi, wanaume kwa wanawake, hawakuruhusiwa kupokea endaumenti (ibada ya maagano inayofanyika hekaluni) wala kuunganishwa kama familia hekaluni. Zuio hilo liliondolewa wakati wa Rais Spencer W. Kimball. Mwaka 2013 Kanisa lilichapisha maelezo yanayokana nadharia zote za zamani zilizodai kwamba weusi wa ngozi ni alama ya laana. Mwafrika anayefundishwa ana haki ya kuyasikia haya kwa wamisionari wenyewe, ameketi kwenye kiti chake, akiwa na nafasi ya kuuliza na kukasirika. Akiyakuta peke yake kwenye simu wiki moja baada ya ubatizo, ataona amefichwa, na hapo hata mambo ya kweli aliyofundishwa atayatilia shaka.

Sasa njia yenyewe. Wamisionari hufundisha Urejesho wa injili, mpango wa wokovu na injili ya Yesu Kristo, kisha amri na maagano ambayo mtu atayabeba. Anayefundishwa huhudhuria ibada ya Jumapili zaidi ya mara moja, husoma Kitabu cha Mormoni (cha Kiswahili kilichokamilika kipo tangu 2000) na kusali mwenyewe apate jibu. Asiye na jibu asibatizwe kwa kuwaonea haya wale vijana waliotembea juani kuja kwake. Hata mmisionari mwenye miaka 19, ambaye waumini humwita "Mzee", anafundishwa kwamba hiari ya mtu haishurutishwi.

Aliyekwisha kubatizwa Katoliki, Lutheri au Pentekoste atabatizwa upya, kwa sababu Kanisa hili linaamini mamlaka ya ukuhani yalipotea duniani na kurejeshwa kupitia Joseph Smith. Kwa mama mzazi aliyempeleka mwanawe kanisani akiwa kichanga, hili huuma. Ni heri mtoto akamweleze mwenyewe, ana kwa ana, kuliko mama apate habari kwa jirani. Aliye chini ya umri wa utu uzima habatizwi bila ridhaa ya wazazi, na mtoto aliye chini ya miaka 8 habatizwi kabisa.

Ndoa ndiyo inayokwamisha wengi. Wanaoishi kinyumba hawabatizwi mpaka wafunge ndoa halali au waishi mbalimbali. Hapa Tanzania taarifa ya kukusudia kuoana hutolewa siku 21 kabla, kwa hiyo anayetaka ubatizo mwisho wa mwezi na bado hajaenda bomani ameshachelewa. Mara nyingi kikwazo hasa ni mahari: upande wa mwanamke unasema hakuna ndoa ya bomani mpaka deni liishe. Hapo wamisionari hawana la kufanya. Atafutwe mshenga na wazee wa pande zote mbili, kipangwe kiasi cha kutoa sasa na kitakachobaki, na hilo linaweza kuchukua miezi. Acha lichukue. Mwanamume mwenye wake wawili naye habatizwi akiwa bado katika ndoa hiyo, hata kama sheria ya nchi inaitambua. Nawasihi viongozi wa matawi: mtu wa namna hiyo asikimbizwe. Mke wa pili ana watoto, na kumrudisha kwao ili mume apate nguo nyeupe Jumamosi ijayo ni kumdhulumu. Aje kanisani, aimbe, asome, apokewe kama mgeni wa heshima kwa miaka yote atakayotaka kuja.

Kabla ya ubatizo kuna mahojiano. Anayehoji hawi yule aliyekufundisha, bali ni kiongozi mwingine wa wamisionari. Maswali si siri. Omba uyasome mapema. Utaulizwa kama unamwamini Mungu na Yesu Kristo, kama unaamini Joseph Smith alikuwa nabii, kama umetubu, na kama uko tayari kushika usafi wa kimwili (kutofanya ngono nje ya ndoa), zaka, Neno la Hekima (sheria ya vinywaji na vileo nitakayoieleza chini) na siku ya Sabato. Lipo pia swali kuhusu kosa kubwa la jinai na kutoa mimba. Ikiwa jibu ni ndiyo, usianze kumsimulia kijana wa miaka 20 mambo ya moyo wako. Sema ndiyo tu, na mahojiano yatahamia kwa rais wa misheni, mtu mzima aliyepewa dhamana hiyo.

Siku yenyewe, andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa au cheti cha kuzaliwa. Ukiandikishwa "Mama Neema", au kwa jina la nyumbani tu, kumbukumbu zako zitakusumbua miaka baadaye utakapohama kata (hivyo ndivyo tunavyoita usharika wa mtaa) au kuomba kibali cha hekaluni. Kisima cha ubatizo hujazwa saa nyingi kabla, na panapokatika maji hujazwa tangu jana yake. Nguo nyeupe za kubatiziwa hutolewa na kanisa, lakini beba nguo nyeupe za ndani, kwa sababu za rangi huonekana zikilowa, pamoja na taulo na khanga mbili. Anayebatiza huinua mkono wa kulia, hutaja jina lako kamili na kusema maneno yaliyoandikwa katika Mafundisho na Maagano 20:73, kitabu kingine cha maandiko ya Kanisa hili, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha anakuzamisha mzima. Mashahidi wawili wanatazama. Neno likikosewa, au kidole cha mguu, ncha ya suka au pindo la nguo likibaki juu ya maji, inarudiwa. Si mkosi na wala si ishara ya dhambi iliyofichwa, ingawa nyuma ya ukumbi hawakosi wanaonong'ona hivyo. Dawa yake ni kukunja magoti unapolazwa, maana anayekaza miguu ndiye ambaye nyayo huinuka, na kubana nywele chini zisielee. Kwa mkono wa kushoto shika kifundo cha mkono wa kushoto wa anayekubatiza, kwa wa kulia ziba pua.

Hapo bado hujawa muumini kamili. Mara nyingi ni Jumapili inayofuata, mbele ya wote, ndipo unapowekewa mikono kichwani, kuthibitishwa na kupewa kipawa cha Roho Mtakatifu. Asiyethibitishwa na kuandikwa hahesabiwi. Usipange safari ya kijijini kati ya siku hizo mbili.

Nije kwenye Neno la Hekima, ufunuo wa Februari 27, 1833, maana huku kwetu ndilo linaloonekana zaidi. Linakataza pombe, tumbaku, kahawa na chai. Pombe ni zote: bia, mnazi, ulanzi, mbege, busaa, gongo. Mirungi haikutajwa kwa jina, lakini vitu vya kulevya vinavyojenga uraibu vyote vimo ndani ya katazo. Kwa chai, kinachokatazwa ni majani ya mchai wenyewe, meusi au ya kijani, ya moto au baridi. Mchaichai, tangawizi, rosela na mdalasini havikukatazwa. Soda nayo haikukatazwa. Nyama inashauriwa iliwe kwa kiasi.

Pwani na bara, mgeni asiyepokea chai huonekana ana dharau au ana kisirani. Usikatae kikombe, badilisha kilichomo. Sema mapema, kabla maji hayajabandikwa: "Shangazi, mimi naomba ya tangawizi isiyo na majani." Na nyumbani kwako jifunze kuipika vizuri, maana ikiwa mbaya watoto watarudi kwenye majani ndani ya wiki. Ponda tangawizi kipande cha ukubwa wa dole gumba, weka katika nusu lita ya maji pamoja na iliki nne na majani matatu ya mchaichai yaliyofungwa fundo, uchemshe dakika kumi hivi. Kisha ndipo utie nusu lita ya maziwa na sukari, uache ichemke tena. Wanaotia tangawizi mbichi moja kwa moja kwenye maziwa huona yamekatika, wakadhani maziwa yalikuwa mabovu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na moto hukiua.

Aliyezoea vikombe vinne vya kahawa ataumwa kichwa kuanzia siku ya kwanza au ya pili, atakuwa mkali na mwenye usingizi, na ndani ya wiki moja hivi itaisha. Ni vyema apunguze kikombe kimoja kimoja kabla ya tarehe ya ubatizo. Kwa pombe onyo langu ni zito zaidi: anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake chumbani. Mwili unaweza kutetemeka, kuona maruweruwe, hata kupata degedege. Apitie kwanza kituo cha afya. Mungu hapungukiwi na kitu mtu akiacha pombe akiwa mikononi mwa daktari.

Zaka ni sehemu ya kumi ya mapato. Hakuna kapu linalopitishwa wala mahubiri ya kupanda mbegu. Unachukua fomu na bahasha, unaandika kiasi, unamkabidhi askofu, yaani kiongozi wa kata, au mshauri wake, na watu wawili huhesabu pamoja. Baki na nakala yako. Mwisho wa mwaka unaketi na askofu na kutamka kama umelipa kamili, kiasi, au hukulipa. Hakuna anayekagua karatasi yako ya mshahara, na mwalimu akikuambia lazima uhesabu kabla ya makato au baada ya makato, anasema ambalo hakutumwa. Mwenye mshahara hesabu yake ni fupi. Mama lishe ndiye anayehitaji kuelekezwa, na naona tunamwacha gizani. Mauzo si mapato. Akiuza vyakula vya shilingi 60,000, na mchele, mafuta, mkaa na kibarua vikawa 45,000, kilichoongezeka ni 15,000, na zaka yake ni 1,500. Akitoa 6,000 kwa kudhani zaka ni ya mauzo, mtaji utakuwa umekufa kabla mwezi haujaisha, kisha atasema zaka imemfilisi. Awe na daftari mbili, ya biashara na ya nyumbani. Mkulima asubiri avune na auze, atoe gharama za mbegu na mbolea, ndipo ahesabu.

Mbali na zaka kuna matoleo ya mfungo. Jumapili moja ya mwezi, kwa kawaida ya kwanza, waumini hufunga milo miwili mfululizo, bila chakula wala maji: anayekula chakula cha jioni Jumamosi hufungua kwa chakula cha jioni Jumapili. Thamani ya milo hiyo, au zaidi kwa mwenye nacho, hutolewa kwa ajili ya maskini. Mgonjwa, mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo hawalazimiki. Mgonjwa wa kisukari anayefunga kwa ushujaa anajiumiza bure.

Fedha hizo ndizo askofu anazosaidia nazo wenye shida ya chakula au kodi. Lakini wanaojiunga kwa kutarajia misaada ya Wazungu watavunjika moyo. Askofu atauliza kwanza wewe mwenyewe unaweza nini, kisha ndugu zako, na akisaidia atakupa kazi ya kufanya, hata kama ni kufagia uwanja. Yeye mwenyewe halipwi. Askofu wa kata ni fundi, mhasibu au mwalimu, anafanya kazi yake wiki nzima na kuongoza kanisa jioni na Jumapili kwa miaka mitano hivi, kisha anarudi kukaa benchi na wengine.

Ibada ya Jumapili ni saa mbili. Aliyetoka kwenye kwaya za Kipentekoste atashtuka: hakuna ngoma, hakuna makofi, hakuna kunena kwa lugha, nyimbo ni za kitabuni na za taratibu. Kiini ni sakramenti, mkate na maji badala ya divai. Vijana humega mkate kwa mikono yao, mmoja hupiga magoti na kusoma sala neno kwa neno, na askofu akiona neno limeruka humwashiria aanze upya. Kisha trei hupita kimya, na vikombe vidogo vya maji visivyojaa hata mafunda mawili. Ukimya huo wengine huuona ni ubaridi. Upe miezi mitatu. Mgeni hatozwi suti wala tai. Kitenge safi kinatosha.

Hakuna mchungaji wa kuhubiri. Waumini huombwa kwa zamu kuzungumza dakika kumi hivi, wanawake kwa wanaume, na zamu itakufikia wewe pia. Mwaka 1997 Rais Gordon B. Hinckley alisema kila mwongofu anahitaji mambo matatu: rafiki, wajibu, na kulishwa neno jema la Mungu. Huku kwetu tunajitahidi kwenye wajibu na tunasahau rafiki. Mtu anapewa kuongoza nyimbo wiki ya tatu, lakini akiugua hakuna anayejua nyumba yake iko mtaa gani. Kata inayobatiza watano kwa mwezi na haina watano wa kuwatembelea ipunguze mwendo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ndiko tunakowapotezea watu.

Mwanamume anayestahili hupewa Ukuhani wa Haruni, ule wa chini, mapema baada ya kuthibitishwa, na wa Melkizedeki, ule wa juu, baadaye. Wanawake huingia Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama. Jumatatu jioni familia hukaa pamoja kusoma, kuimba na kucheza. Nusu saa inatosha, na televisheni izimwe.

Hekalu si kanisa la Jumapili. Mwongofu husubiri angalau mwaka mmoja tangu kuthibitishwa kabla ya kupokea endaumenti yake, lakini anaweza kwenda mapema zaidi kubatizwa kwa niaba ya wafu wake akiwa na kibali kutoka kwa askofu. Kabla ya hekalu la Nairobi, Waafrika Mashariki walikwenda Johannesburg, na wengi walikufa bila kufika. Sasa ni basi kupitia Namanga. Kibali cha endaumenti hupita mahojiano mawili, kwa askofu kisha kwa uongozi wa kigingi (kundi la kata kadhaa), na hudumu miaka miwili. Angalia tarehe kabla ya kukata tiketi, na uweke nafasi hekaluni kabla ya kusafiri.

Nenda na majina ya wafu wako. Kwa mtu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, lazima ndugu wa karibu aliye hai akubali kwanza ibada hiyo ifanywe, na ni vyema kumweleza bila kuficha ni ibada gani. Majina yenyewe hayapo kwenye vyeti, yapo vichwani mwa bibi na babu. Anayekwenda kijijini Desemba achukue daftari, na asiulize "alizaliwa mwaka gani", kwa maana atajibiwa "sijui". Aulize alizaliwa wakati wa njaa ipi, kabla au baada ya vita ipi, nani alimfuata kwa kuzaliwa, aliitwaje nyumbani na aliitwaje shuleni, na ukoo wa mama yake ni upi. Mwaka wa kukadiria unakubalika, ukiandikwa "takriban". Majina yote matatu ya mtu mmoja yaandikwe kwenye mstari mmoja, la sivyo mwakani atatokea kwenye orodha kama watu watatu. Na kabla ya kuondoka, msomee bibi orodha nzima kwa sauti, kwa sababu ni hapo ndipo atakapokumbuka yule mtoto aliyekufa akiwa na wiki mbili.

Muumini na mwalimu wa waongofu,
Dar es Salaam